Ijumaa Kwenye Bwawa la Mbegu

Katika mji mzima wa Ibra, huku Oman, wakati ule, mtu mwenye diploma ya uvuvi alikuwa mmoja, nami ndiye. Niliipata bara, Afrika ya Mashariki, kwenye chuo kilichokuwa kando ya ziwa, baada ya miaka mitatu ya kula ugali wa bweni na kulala vitanda vya juu na chini pamoja na watu waliokoroma kwa lugha sita. Baba yangu alikuwa na duka la chumvi na vitambaa katika mji mdogo wa stesheni. Hakujua kusoma ila Kurani, na alitaka nikae nyuma ya meza kama yeye. Sikukaa. Niliendesha lori la karanga msimu mzima ili niende chuo, na nilipomaliza nilikuwa wa pili katika darasa letu, na yule wa kwanza alikuwa akisoma majibu yangu.

Nilirudi Oman katikati ya miaka ya sabini na sanduku moja, cheti kimekunjwa ndani ya bomba la bati, na ufito wa kuvulia wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, nilioununua kwa mwalimu wangu alipostaafu. Sikupokewa na mjomba wala shemeji mwenye cheo. Wengi waliorudi siku zile walipata kazi kwa sababu fulani alimjua fulani. Mimi nilijulikana kwa cheti changu.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilichokifanya pale bwawani sikukifanya kwa ujinga.

Kazi yangu ilikuwa samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Homa ya malaria ilikuwa bado inavisumbua vijiji vya mabondeni, na dawa ya kupuliza haikuweza kuingia kila kisima na kila birika. Ofisi ikaagiza perege kutoka nje, wakaja kwa ndege ndani ya mifuko ya nailoni, na mimi nikajengewa bwawa pembezoni mwa shamba la mitende. Mashamba ya kwetu hunywa maji ya falaji, yaani mfereji unaoleta maji kutoka chini ya milima, na kila mwenye shamba ana zamu yake isiyoguswa. Niliwaendea wenye falaji, nikakaa nao barazani jioni nne mfululizo, nikanywa kahawa yao kikombe baada ya kikombe, na mwisho wakalipatia bwawa langu zamu yake ya maji. Hilo hakuna mwingine pale ofisini angeliweza. Wangeandika barua.

Bwawa lilikuwa la saruji, refu kama msikiti mdogo, kina chake kumfika mtu kifuani. Humo waliishi wazazi, madume na majike niliowachagua mimi mmoja mmoja, wakubwa, wengine urefu wa kiganja mpaka kiwiko. Hawa hawakuwa wa kuliwa wala wa kupelekwa popote. Walikuwa mbegu. Watoto wao, wale vifaranga, ndio tuliowakusanya kwa kipande cha chandarua, tukawatia ndani ya madumu na kuwapeleka visimani na kwenye mabirika ya vijiji.

Jambo moja la perege lazima nilieleze hapa. Jike huyatunza mayai yake kinywani. Hufunga mdomo siku nyingi, hali kitu, na hata vifaranga wakishaanguliwa na kuanza kuogelea, wakiona kivuli hukimbilia kinywani kwa mama yao wakajificha. Swali hili lilikuja katika mtihani wa mwisho. Nililijibu kwa kurasa mbili na mchoro.

Mlinzi wa bwawa alikuwa mzee wa Sur, mji wa mabaharia pwani. Ujana wake ulikuwa baharini, na Kiswahili chake alikiokota bandarini Unguja, kwa hivyo kilikuwa na Kiarabu kingi na matusi mengi. Mimi nilimwita ami. Yeye aliniita mwalimu, ingawa sijafundisha hata siku moja, kwa sababu ya kile cheti nilichokitundika ukutani juu ya kiti changu. Siku ya kwanza nilipomwonyesha bwawa, alichuchumaa ukingoni akatazama kwa muda.

"Hawa ndio samaki?"

"Hawa ndio, ami."

"Wallahi, mwalimu, hawa ni chambo. Sur tukiwapata hawa tunawatumia kumtafuta samaki."

"Hawa hawaliwi. Hawa ni mbegu."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani utaniambia ni chakula changu cha mchana."

Alilala kibandani pale pale. Kila asubuhi aliokota majani yaliyoanguka majini, akafukuza ndege, akapima maji kwa fimbo. Sikupata kumkosoa hata mara moja, na mimi ni mtu mwepesi wa kukosoa.

Wiki yangu ilikuwa ya kuchosha. Barabara za lami zilikuwa chache, nyingine zote ni kokoto zinazotetemesha meno. Siku moja nipo visima vya mabedui nyuma ya Sinaw, siku ya pili nipo milimani, madumu yanacheza nyuma ya gari, maji yanamwagika, nasimama kila saa kutazama kama vifaranga wazima. Kila Jumamosi lazima niwe Nizwa, kwa mkuu wetu, kupeleka ripoti na kukaa kikao. Nikirudi Ibra Jumapili, mgongo wangu ulikuwa kama umepigwa nyundo.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yangu. Bara, nilipokuwa chuoni, kila Jumapili nilikwenda ziwani na ufito. Mshipi ukivutwa na kitu usichokiona, mwili wote huamka, na fikira zote za wiki hukatika hapo hapo. Nilikosa raha hiyo miaka mingi. Bahari ya Sur ilikuwa mbali na njia mbovu, na vidimbwi vya wadi, yaani bonde la mto mkavu, vina visamaki kama vidole. Halafu mbele yangu lipo bwawa, nimejengewa mimi mwenyewe, limejaa perege niliowalea mwenyewe.

Nilichukua ndoana, nikaisaga kwa tupa ile ncha yake ndogo ya nyuma inayomng'ang'ania samaki, ikawa laini. Nikafinyanga chambo cha unga na tende. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, watu wakilala, nikaenda. Nilimvuta wa kwanza, nikalowanisha mikono kabla ya kumshika, nikamtoa ndoana, nikamrudisha majini. Akaondoka zake. Nilijihisi kijana wa miaka ishirini.

Kuanzia hapo nilikwenda kila Ijumaa. Nilikuwa na hoja zangu, tena hoja za mtu aliyesoma. Samaki hapungui. Samaki hana maumivu kama yetu. Nikimshika namkagua macho na mapezi, kwa hivyo hata hiyo ni kazi. Na jike mwenye mayai kinywani hali chambo, basi ninaowavua si wenye mimba. Mlinzi alikaa pembeni na kikombe chake cha kahawa akitazama.

"Huyu si wa juzi?" aliuliza siku moja.

"Ndiye yeye. Mwone kovu la mdomoni."

"Mbona hujamsalimia? Mshazoeana."

Nilicheka. Nilidhani na yeye anacheka.

Siku moja nilivuta jike kubwa. Nilipomnyanyua juu ya ukingo akafungua kinywa, na kinywani mkamwagika vifaranga, wadogo kama punje za mchele, wakaanguka juu ya saruji iliyokuwa ya moto. Walirukaruka kidogo. Niliwasukumia majini kwa kiganja upesi upesi, wengine wakabaki wamegandamana na saruji. Huyu alikuwa ameshaanza kula tena, na vifaranga waliogopa mshipi wakakimbilia kwake. Nilijua hivyo papo hapo, kwa sababu nilikijua kitabu kizima. Nikajiambia watamrudia. Nikaosha ukingo kwa maji, nikaweka chambo kingine.

Mke wangu hakuipenda tabia hii. Yeye ni mzaliwa wa Unguja mjini, na watu wa hapa walituita sote Wazanzibari, jambo lililokuwa likimuudhi kwa niaba ya Zanzibar.

"Leo tena?" aliniambia Ijumaa moja nilipokuwa nikichukua ufito.

"Napumzika."

"Na samaki naye anapumzika?"

"Simuui, mama. Namtoa namrudisha."

"Ungemla ningekufahamu. Samaki kaumbwa aliwe. Huyo kumla humli, unasema ni mbegu. Kumwacha humwachi, unasema unataka kupumzika. Sasa yeye akae wapi?"

"Wewe samaki wa maji baridi huwajui."

"Samaki nawajua. Nyinyi watu wa bara mnajua matope. Kumtesa kiumbe kwa mchezo, hilo nalo mlifundishwa huko chuoni? Lina cheti chake?"

Nilimwambia chakula kilikuwa kizuri, nikatoka. Njiani nilitengeneza majibu matatu, yote mazuri, na nilipofika bwawani nikayasahau.

Hali ikaenda hivyo karibu mwaka. Kisha joto likaingia, na kijiji kimoja cha juu ya wadi kikaleta watu ofisini. Kaidhi ilikuwa inakaribia, yaani msimu wa tende mbichi, watu wanapohamia mashambani na kulala nje kwa ajili ya joto. Mwaka uliopita homa iliwakamata mashambani humo humo. Walitaka samaki mabirikani kabla hawajahama. Niliwaahidi. Nilisema kwa mdomo mpana kwamba samaki wa Ibra hawajapata kumkosesha mtu.

Tulipoburura chandarua tukapata vifaranga wa kujaza nusu ya dumu. Nikashangaa. Nikashusha maji ya bwawa mpaka gotini, nikawahesabu wazazi. Majike walikuwa hawafiki nusu ya wale niliowatia.

Nilimwandikia mkuu wetu kule Nizwa, na akaja Jumatano na wafanyakazi wawili. Alikuwa kijana kuliko mimi, kasomea utawala nchi za nje, na perege asingemtofautisha na kambare. Jumatano ni siku ya soko la wanawake Ibra, gari lake lilikwama muda mrefu kwenye msongamano, kwa hivyo alifika kakasirika. Alizunguka bwawa. Mmoja wa wafanyakazi wake akasimama chini ya mtende, akasema pananuka, akafukua kwa ncha ya kiatu. Vikatoka vichwa vya samaki na miiba.

"Nani kavifukia hivi?" mkuu akauliza.

"Mimi," akasema mlinzi.

"Umekula samaki wa serikali?"

"Nimefukia."

"Nakuuliza kama umekula."

"Nami nakujibu nimefukia."

Wenye mashamba wa jirani walikuwa wameshakusanyika. Mmoja akacheka akasema, "Mmempa Msuri bwawa la samaki! Mlitarajia akale tende?" Wote wakacheka, na mkuu naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa hukumu. Akaniambia niandike ripoti ya kumwachisha mlinzi kazi, niilete Nizwa. Mzee yule hakuwa na kazi nyingine ya kwenda. Miguu yake haikuweza tena bahari.

Walipoondoka nilimfuata kibandani. Na mimi, naliandika hili nikiwa nimechoka kulibeba, nilimwuliza swali lile lile.

"Ami, niambie mimi. Umekula?"

"Mimi nimeanza kula nguru kabla sijaota meno," akasema. "Nile hivi?"

"Basi nani?"

"Jumamosi usende Nizwa. Njoo hapa alfajiri."

Ijumaa nilivua kama kawaida. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na nilipokuwa na hasira ndipo nilipouhitaji ufito zaidi. Nilivuta majike watatu na dume mmoja, nikawarudisha majini wote wakiwa hai. Mlinzi hakutoka kibandani.

Jumamosi nilisali alfajiri nikaenda. Maji yalikuwa yametulia. Kwenye kona, palipo na kivuli, walielea wawili, matumbo juu. Mmoja alikuwa na kovu la mdomoni. Mlinzi alikuwa na wavu tayari. Aliwaopoa, akawaweka juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akachukua jembe.

"Kila Jumamosi?" nikamwuliza.

"Si wote hufa. Wengine huishi. Wengine hufa Jumapili. Maji yakiwa baridi walikuwa wachache, sasa joto."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mwalimu? Kwamba samaki ukimpiganisha kwenye maji ya moto anakufa? Hilo hata mbuzi wa Sinaw anajua. Nilisema wewe umesoma, bila shaka unajua na unataka hivyo hivyo. Halafu nikakuona ukiwahesabu na kusikitika, nikajua hujui. Sasa nitamwaibishaje mtu mkubwa? Nikakusitiri. Nimeona, nimefukia, basi."

Alichimba shimo lake, akawatia, akasawazisha udongo kwa mguu. Alifanya polepole, bila kunitazama, kama mtu anayemfunika mgeni shuka.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda moja kwa moja Nizwa nikasema kweli. Nilikwenda Nizwa, lakini njiani niliandika kichwani ripoti nyingine, nzuri sana, ya joto la maji na hewa inayopungua ndani yake. Kila neno lake lilikuwa sahihi. Nilimwombea mlinzi abaki, kwa kuwa samaki wamekufa kwa hali ya hewa. Mkuu aliisoma yote.

"Kwa hivyo samaki walikuwa wakifa," akasema.

"Ndiyo."

"Na mlinzi akiwaona."

"Ndiyo."

"Na hakukwambia, akawafukia kwa siri. Afadhali angekula, bwana! Mla samaki ana njaa. Huyu kaficha maradhi ya bwawa mpaka kijiji kimekosa samaki. Huyu simwachishi kazi tu, nampeleka kwa liwali."

Nje gari lilikuwa likirudi nyuma, mtu akipiga kelele njoo, njoo, njoo. Nikamwambia kwamba aliyewaua ni mimi, kwa ufito, kila Ijumaa, kwa kujifurahisha, na mlinzi alinisitiri.

Nilingoja anifukuze. Akacheka.

"Kwa ufito? Wa kigurudumu, kama wa Waingereza?"

"Ndiyo."

"Na unawarudisha?"

"Nilikuwa nawarudisha."

"Sasa kosa liko wapi? Hujala, hujauza. Mlinzi abaki, khalasi. Na Alhamisi nakuja Ibra unifundishe."

Nilitoka ofisini mwake nikiwa nimechoka kuliko siku yoyote ya madumu. Nilikuwa nimejiandaa kuadhibiwa, nikaalikwa kucheza.

Alikuja kweli, Alhamisi, na rafiki yake, kanzu zao nyeupe zinaumiza macho. Mlinzi aliwatandikia mkeka na kuwamiminia kahawa.

"Ufito uko wapi?" mkuu akauliza.

"Nyumbani."

"Kaulete."

"Humu samaki havuliwi, bwana."

"Havuliwi? Wewe umevua mwaka mzima."

"Ndiyo. Ndiyo maana najua."

"Mmoja tu. Nione anavyovuta."

"Waliobaki ni majike wachache. Huyo mmoja ndiye mama wa samaki wa kijiji kizima."

Alitazama saa yake, akamtazama rafiki yake, akatabasamu kama mtu aliyepewa chai baridi. Hawakumaliza kahawa. Mwaka uliofuata palipatikana nafasi kubwa Maskati, ya kusimamia mabwawa ya nchi nzima. Niliistahili, nalisema hilo bila haya, na hapakuwa na mwingine mwenye elimu yake. Alipewa mtu wa mambo ya stoo.

Kijiji cha juu ya wadi kilipata samaki wake msimu ule ule, baada ya tende kwisha kuvunwa. Nilipeleka madumu mwenyewe. Walinipokea vizuri, wakanichinjia mbuzi, na mwenye nyumba aliponipa mkono, mkono wake ulikuwa bado wa moto wa homa.

Nilidhani mlinzi atafurahi kwamba nimesema kweli. Alinuna wiki nzima.

"Nimekufunika mwaka," akaniambia, "wewe umejivua nguo kwa saa moja, tena mbele ya kijana."

"Wangekufunga, ami."

"Wangenifunga mimi. Mimi nani? Nilishafungwa Aden kwa kugombana, chakula si kibaya."

Na jina lake halikusafishika. Kila alipopita sokoni kununua kahawa walimwuliza, "Msuri, umetubakishia?" Nilikwenda barazani kwa wenye falaji, wale wale niliokunywa nao kahawa, nikawaambia waziwazi: samaki niliwaua mimi. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akaniambia, "Mungu akulipe, shekhe. Mtu muungwana humsitiri mfanyakazi wake." Nikarudia. Nikaapa. Wakazidi kunisifu. Kadiri nilivyojishitaki ndivyo mlinzi alivyozidi kuwa mwizi na mimi mtukufu. Nimepata sifa nyingi maishani, nyingi nilizitafuta na nilizistahili. Zile za jioni ile nilizibeba mpaka nyumbani kama gunia la chumvi iliyolowa.

"Wamekuamini?" mke wangu akauliza.

"Hapana."

"Basi kaa ule," akasema, wala hakuongeza neno, na hapo nikajua ananionea huruma.

Kaidhi ilipokwisha mlinzi akaniambia anataka kwenda kwao. Nilimwomba akae. Akasema bwawa limepona, majike wapya wanazaa, naye kachoka kuulizwa habari za miiba. Nilimpeleka Sur kwa gari la ofisi, godoro lake na sanduku lake nyuma. Njia nzima alinisimulia mambo ya bandari nyingi, mengine siwezi kuyaandika, na mimi nilikuwa najiandaa. Nilikuwa nimeamua kwamba huko kwao, kwa watu wake, nitasema maneno yangu vizuri, kwa Kiarabu fasaha, wala sitamruhusu mtu kunigeuzia.

Tulipofika mtaani kwao watu walitoka kumlaki. Nyumba yake ilikuwa karibu na maji, nyavu zimeanikwa ukutani, harufu ya papa mkavu kila mahali. Nilikuwa bado natoa godoro garini alipokuja jirani yake mmoja, mwanamume mnene mwenye kicheko kikubwa, akamkumbatia, akamrudisha nyuma kumtazama.

"Tumesikia habari zako huko Ibra!" akapiga kelele mtaa mzima usikie. "Wamekufukuza kwa kuwamaliza samaki wao! Haya, tuambie, walikuwa watamu?"

Watu wakacheka. Niliweka godoro chini. Nilifungua mdomo.

Mlinzi alinishika mkono, juu ya kiwiko, kwa vidole vigumu kama kamba ya nanga, akanibana mpaka ikauma. Hakunitazama.

"Watamu, wallahi," akamjibu jirani. "Ila miiba mingi."

Mtaa ukapasuka kwa kicheko. Mtu akamtwika sanduku kijana wa nyumba ya pili, mtu akasema huyu hana haya, mtu akaita kuelekea ndani kwamba mgeni amefika. Naye akaniachia mkono, akanisukuma taratibu mbele yake kuelekea mlangoni.

"Ingia, mwalimu," akasema. "Chakula kinapoa."

Niliingia. Walituwekea wali na nguru wa kukaanga, na ndimu, na pilipili. Watu walikuja na kutoka, kila mmoja akaulizia perege, na kila mmoja akajibiwa kwa mzaha mpya. Mimi nilikula nikiwa nimeinama juu ya sinia, na waliponiuliza kazi yangu huko Ibra ni ipi, nilisema mimi ni mtu wa ofisini.